Nyama ya Kosher Jirani Yetu: Tule, Tubariki, au Tuulize Kwanza?

Na Mchungaji Msaidizi

Neno la juma: 1 Wakorintho 10:23–33, Warumi 14, Mithali 11:1



Kwa majuma matatu sasa swali ni lile lile. Nalisikia kwenye ushirika wa nyumbani kule Mukuru, nalisikia kwenye mkutano wa akina baba, na hata vijana wa sauti wakikunja nyaya baada ya ibada ni hilo wanazungumza: ile choma mpya inayofunguliwa mwisho wa mwezi upande wa Lunga Lunga Road, tutaenda ama hatutaenda? Bango lishawekwa. Lina neno KOSHER kwa herufi kubwa, lina nyota ya Daudi, na chini yake mbuzi amechorwa mnene kama ng'ombe.

Mwenye biashara ni mpendwa. Hashiriki hapa kwetu lakini wengi mnamjua. Alikuja ofisini na maombi mawili. La kwanza, siku ya kufungua twende tuombee jiko na kulipaka mafuta. La pili, jina la kanisa letu liandikwe kwenye lile bango, kama kanisa linalothibitisha kwamba nyama ya pale ni safi mbele za Mungu. Askofu alinipa kazi ya kulifikiria jambo hili na kulijibu kwa maandishi ili kila mtu asome. Yule ndugu mwenyewe amekubali niliandike hapa, kwa hivyo hakuna anayesemwa nyuma ya mgongo wake.

Naomba tuliangalie polepole. Ukiliangalia haraka ni swali la tumbo. Ukiketi nalo utaona ni swali la ukweli, na la upendo kwa jirani.

Furaha ya watu si ya kudharauliwa

Nianze na wale wanaoingoja kwa hamu, kwa sababu wana sababu nzuri.

Ndugu aliyeokoka akitaka kukaa na marafiki jioni moja ale choma, aende wapi? Choma nyingi za mjini ziko ndani ya baa. Unaagiza kilo moja ya mbuzi na kabla haijaiva meza ya jirani imejaa chupa, na muziki huwezi kusikia mwenzako. Kuna wanaume hapa kanisani waliokunywa miaka kumi, Mungu akawatoa, na hawawezi kurudi mahali pale hata kwa sababu ya nyama. Wameniambia wazi: "Pasta, sisi tukiokoka tunapoteza na choma pia." Sasa mtu anafungua mahali pasipo na pombe, pana maji ya kunawa, pana mizani mbele ya mteja, na mama anaweza kuja na watoto wake. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Na kuna kazi. Vijana wetu wawili wameshaambiwa wataanza pale, mmoja kwenye jiko na mwingine kwenye kaunta. Mnajua kibarua cha hapa Industrial Area kilivyo. Unaamka saa kumi, unatembea kutoka Mukuru kwa Reuben au kwa Njenga, unasimama nje ya geti na wenzako mia, na wanachukuliwa ishirini. Kazi ya mwezi mzima yenye mshahara si kitu cha kuchezea.

Kwa hivyo anayesema "hiyo ni mambo ya tumbo tu" hajawaelewa watu wake. Yesu mwenyewe alikula na watu, na alilaumiwa kwa hilo.

Lakini kosher ni kitu gani hasa?

Hapa ndipo nilianza kuuliza. Niliwauliza wapendwa kumi hivi baada ya ibada: kosher ni nini? Wengi walisema ni "nyama ya Biblia", au "nyama ya Israeli", au "nyama ambayo haijachinjwa na Muislamu". Hakuna hata moja ya hizo iliyo maana yake.

Kosher ni utaratibu wa Wayahudi wa kula, uliojengwa juu ya Torati na mafundisho ya marabi wao kwa karne nyingi. Mnyama lazima awe wa aina iliyoruhusiwa katika Walawi 11, yaani mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Anachinjwa na mtu aliyesomea kazi hiyo na anayeishika imani hiyo. Kisu kinakaguliwa kisiwe na pengo hata dogo, na koo linakatwa kwa mkato mmoja wa haraka usiosita. Halafu mapafu yanakaguliwa kama mnyama alikuwa na ugonjwa. Damu hailiwi kabisa, kwa sababu ya Walawi 17, kwa hivyo nyama inalowekwa majini nusu saa, inawekwa chumvi kwa muda wa saa moja, kisha inaoshwa. Ini lina damu nyingi mno, chumvi haitoshi, kwa hivyo linachomwa juu ya moto wazi. Hapo angalau sisi watu wa choma tumesikia kitu tunachokijua.

Sasa sikilizeni mengine. Mafuta fulani ya ndani hayaliwi, kwa sababu ya Walawi 7. Ule mshipa wa paja hauliwi, kwa sababu ya Yakobo na usiku ule alioshindana mweleka, Mwanzo 32. Kuutoa mshipa huo na mafuta yake ni kazi ngumu ya fundi, kwa hivyo katika nchi nyingi Wayahudi huachana kabisa na sehemu ya nyuma ya mnyama na kuwauzia watu wengine. Yaani ile mguu ya nyuma ya mbuzi, ambayo Mkenya akifika choma ndiyo anayoagiza kwanza, kwenye choma ya kosher kuna uwezekano mkubwa usiipate. Mutura hakuna, maana mutura ni damu. Samaki kambare hakuna, kwa sababu hana magamba. Nyama na maziwa havikutani hata kwenye sufuria moja, na wengi wao wakila nyama wanangoja masaa kadhaa, wengine hadi sita, kabla ya kugusa maziwa. Kwa hivyo ukimaliza choma usiitishe chai ya maziwa.

Na la mwisho, ambalo kama mtu wa biashara lilinifanya niketi chini. Mkahawa wa kosher hauwezi kujitangaza wenyewe hivi hivi. Kwa kawaida rabi ndiye anayeuthibitisha, na anaweka msimamizi wa kuangalia jikoni. Pia mkahawa huo hufungwa kwa ajili ya Sabato, kuanzia Ijumaa jioni kabla jua halijatua hadi Jumamosi usiku. Fikirieni, wapendwa. Ijumaa jioni mwisho wa mwezi, viwanda vimelipa, Enterprise Road imejaa watu wenye mshahara kwenye simu, na choma imefungwa! Na Jumamosi mchana pia. Anayekubali hasara hiyo kila juma anakubali kwa sababu anaamini. Hilo si tangazo tena.

Nilimuuliza ndugu yetu haya yote kwa upole. Je, kuna rabi? Hapana. Mchinjaji amesomea? Hapana, ni kijana aliyeokoka anayejua kuchinja. Jumamosi mtafunga? Alicheka, akasema, "Pasta, Jumamosi ndiyo siku yenyewe." Mguu ya nyuma? Ipo. Akaongeza kwa moyo wake wote: "Mimi kwa kosher nilimaanisha tu kwamba ni safi, na tumeiombea."

Simwoni kama mdanganyifu. Naamini alimaanisha hivyo. Lakini kumaanisha vizuri na kusema kweli ni vitu viwili.

Neno hili lina wenyewe

Wengine watasema Wayahudi wako mbali, nani ataumia? Hawako mbali hivyo. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwapa Wazayuni wazo la kuwakalisha Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, hapa hapa nchini mwetu, na mwaka 1905 mkutano wao ukalikataa. Familia chache zilikuja hata hivyo, na sinagogi lao mpaka leo liko University Way. Ukishuka matatu Kencom unatembea tu dakika chache unafika.

Na ukivuka mpaka kuingia Uganda, karibu na Mbale, kuna Abayudaya. Hao ni Waafrika kama sisi. Mwaka 1919 kiongozi wao Semei Kakungulu, aliyekuwa jemadari mkubwa, alisoma Torati akaamua kuifuata kama ilivyoandikwa, akatahiriwa pamoja na watu wake. Aliwapoteza wakubwa waliomuunga mkono. Wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Wengi waliacha, wachache wakabaki wakishika Sabato na utaratibu wao wa kuchinja kwa siri. Walikuwa maskini, na nyama ilikuwa nadra, lakini walikubali kuikosa kuliko kuila vibaya.

Kwa watu kama hao neno kosher lina gharama ndani yake. Sisi tukilichukua tukalichora kwenye bango kwa sababu linavutia wapendwa wanaoipenda Israeli, tumevaa nguo ya mtu bila kumuuliza. Na siku Myahudi mgeni akipita, ameona bango na nyota, akaamini, akala, tumemfanyia nini? Amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Haikusema jirani huyo lazima awe wa kanisa lako.

Kwa nini mwanadamu hutafuta muhuri

Sasa nirudi kwa yale niliyosomea chuoni, maana Mungu hakutupa shule bure.

Kuna bidhaa unazozijua kwa macho. Nyanya ukiishika tu umejua. Kuna nyingine unazijua ukishatumia: chai ikiwa mbaya, hutarudi kwenye kibanda kile. Lakini kuna aina ya tatu, ambayo hata baada ya kuitumia hujui. Nyama ni hiyo. Umekula, umeshiba, umelala vizuri, na bado hujui mnyama yule alikuwa mgonjwa, alikufa mwenyewe, au alikuwa mbuzi kweli. Kwenye bidhaa kama hiyo mteja hana macho. Anategemea neno la muuzaji.

Mwanauchumi Mmarekani George Akerlof aliandika jambo hili mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na baadaye akapewa tuzo ya Nobel, mwaka 2001. Hoja yake kwa lugha ya sokoni ni hii: mnunuzi akishindwa kutofautisha kizuri na kibaya, atalipa bei ya kati kwa vyote, na muuzaji wa kizuri atashindwa kuendelea. Mwishowe soko linabakia na vibaya. Uongo mdogo wa mmoja humfukuza mkweli sokoni.

Sisi Nairobi tumeyaona haya bila kitabu. Julai 2019 NTV ilionyesha taarifa ya uchunguzi kuhusu kemikali iliyodaiwa kutumiwa kwenye supermarketi ili nyama iliyokaa ionekane nyekundu kama ya leo. Mnakumbuka wiki zile? Watu walisimama mbele ya friji wakageuka wakaenda zao. Na stori za nyama ya punda kuuzwa kama ya ng'ombe zilituzunguka miaka, hadi serikali ilipopiga marufuku kuchinja punda mwaka 2020, marufuku ambayo korti iliiondoa mwaka uliofuata.

Mtu aliyepitia hayo anatafuta muhuri. Anatafuta mtu wa kumwambia: hii kula, usiogope. Kuna muhuri wa wino wa mkaguzi wa serikali. Kuna cheti cha halali. Na sasa kuna anayetaka muhuri wa kanisa. Namwelewa. Watu wetu wanaamini madhabahu kuliko wanavyoamini kaunti. Lakini ndiyo maana lazima tuwe waangalifu zaidi. Imani ambayo watu wametupa si mali yetu ya kukopesha. Tukiweka jina la kanisa kwenye nyama ambayo hatujui ilitoka wapi, tumetumia jina la Bwana kufunika kitu ambacho hatujakiangalia.

Jirani anayechinja

Nije kwa jambo ambalo wengi wanalisema kwa sauti ya chini. Sehemu ya furaha ya bango lile si kosher. Ni kwamba si halali. Mpendwa mmoja aliniambia, "Hatimaye tuna nyama yetu."

Wapendwa, tumekula nyama ya nani miaka hii yote? Mbuzi wengi wanaoliwa Eastlands wanapitia Kiamaiko. Wameletwa na malori kutoka kaskazini, wamechinjwa alfajiri na Waislamu, na wanaingia buchari na vibandani kwa sanduku la bodaboda kabla wewe hujaamka. Katika nchi hii ilikuwa desturi Muislamu achinje ili kila mtu aweze kula kwenye sherehe moja. Harusi ya kijijini ilifanywa hivyo. Hakuna aliyelazimishwa, ulikuwa ni ujirani. Asiyekula kwa kuchinjiwa na mwingine alipewa nafasi, na yule anayeweza kula chochote hakupoteza kitu.

Mnajua pia mzee mwenye buchari iliyo nyuma ya kanisa. Ni Muislamu. Mwaka 2020, viwanda vilipofunga na kuachisha watu kwa sababu ya corona, aliandika majina ya watu wetu kwenye daftari lake na kuwapa robo kilo kwa mkopo. Wengine walilipa miezi minane baadaye. Alipoulizwa kwa nini anafanya hivyo na wengi si wa dini yake, alijibu, "Njaa haina dini." Je, tutapita mbele ya duka lake tukiwa tumevaa suti za Jumapili, tukienda kwa bango lenye nyota, ili ajue kwamba nyama yake sasa ni najisi kwetu?

Tena jambo hili halichezewi. Mwaka 2013, kule Buseresere mkoani Geita, Tanzania, watu waligombana juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa. Wakristo walitaka kuchinja wenyewe, Waislamu wakashika desturi ya miaka mingi. Mwezi wa Februari ugomvi ule ulimwaga damu, na mchungaji Mathayo Kachila wa Assemblies of God akauawa. Alikuwa mchungaji kama sisi. Moto ulianzia kwenye buchari. Simlaumu marehemu, na aliyeua atajibu mbele za Mungu. Nasema tu kwamba sisi tunaoishi Mukuru, ambapo mabati yameshikana na ukuta wa jirani ni ukuta wako, tujue tunachezea nini.

Basi je, Mkristo aweza kula nyama ya halali? Hebu tumsikie Paulo. Korintho ilikuwa na shida kubwa kuliko yetu. Nyama nyingi ya sokoni pale ilitoka kwenye mahekalu ya miungu. Hiyo ilikuwa sadaka kabisa, imetolewa madhabahuni kwa sanamu. Na bado Paulo aliwaambia wale chochote kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza kwa ajili ya dhamiri, kwa kuwa dunia yote ni ya Bwana. Kijana wa Kiamaiko hatoi sadaka kwa sanamu. Anachinja chakula, na analitaja jina la Mungu kama dini yake inavyomwagiza.

Lakini Paulo hakuishia hapo. Alisema pia, mtu akikuambia kitu hiki kimetolewa sadaka, usile, kwa ajili ya dhamiri ya huyo aliyekuambia. Na Warumi 14 inasema anayekula huku ana shaka amejihukumu, kwa sababu hakula kwa imani. Kwa hivyo mpendwa ambaye moyo wake haumpi amani kwenye nyama ya halali, usile. Hakuna atakayekucheka hapa. Wapo kati yetu wasiokula mutura kwa sababu ya Matendo 15:29, na wapo wanaokula na kushukuru, na wote wanashiriki meza moja ya Bwana. Kujizuia kwa ajili ya dhamiri ni ibada. Kujizuia ili jirani aonekane mchafu ni kitu kingine kabisa, hata kama sahani ni ile ile.

"Lakini Pasta, si ni jina tu?"

Nimesikia pia upande huu, na una nguvu yake. Wanasema: biashara ngapi zina majina makubwa? Kuna saluni inaitwa Paradiso na haina malaika hata mmoja. Kuna hoteli inaitwa Yerusalemu na mwenyewe anatoka Machakos. Kwa nini tumsumbue ndugu yetu?

Jibu langu ni kwamba kuna majina ya kupamba na kuna majina ya kuahidi. Hakuna anayeingia saluni ya Paradiso akitarajia kumkuta Ibrahimu. Lakini kosher ni ahadi kuhusu kitu ambacho mteja hawezi kukikagua. Ni kama kuandika "daktari" mlangoni. Hata sheria ya nchi inaona hivyo: Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inahesabu kuwa ni makosa kumwambia mteja kwamba bidhaa ina sifa ambayo haina. Na Mithali ilitangulia sheria hiyo kwa karne nyingi, iliposema kwamba mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Tunadhani mizani ni ile ya chuma yenye mawe pekee. Neno nalo ni mizani. Ukiandika neno zito juu ya kitu chepesi, umepunja.

Wengine wanasema: lakini ukimwambia abadilishe bango atapata hasara, na vijana wetu wawili watakosa kazi. Hili ndilo lililoninyima usingizi. Ni rahisi kuhubiri ukweli kwa biashara ya mtu mwingine wakati mshahara wako hautoki pale. Nimelipima hivi. Biashara ile ina kitu halisi cha kuuza: nyama nzuri, mahali pasafi, hakuna pombe, familia zinakaribishwa. Hivyo vyote mteja anaweza kuviona kwa macho yake. Atarudi kwa sababu ya hivyo. Lakini ikisimama juu ya neno ambalo si kweli, siku moja atakuja mtu anayejua maana yake, atauliza maswali yale manne niliyouliza, na video yake itazunguka kwenye simu zote za Nairobi kabla ya saa sita. Hapo vijana wawili watapoteza kazi kweli, na jina la Yesu litatajwa kwa kicheko.

Kuombea sio kuthibitisha

Basi, kwa idhini ya Askofu, jibu letu kwa ndugu yetu ni hili.

Ombi la kwanza, ndiyo. Tutakuja siku ya kufungua. Tutaombea mikono ya wanaochoma, tutaombea wateja, tutaomba mizani iwe ya kweli na wafanyakazi walipwe kwa wakati. 1 Timotheo 4 inasema chakula hutakaswa kwa neno la Mungu na kwa maombi, pamoja na shukrani. Lakini maombi hayo hayamfanyi mnyama kuwa kosher, na hayahitaji kumfanya hivyo. Petro alishaambiwa kwenye dari ya Yafa asikiite najisi kile ambacho Mungu amekitakasa. Mkristo anayekula na kushukuru hajapungukiwa na kitu ambacho kosher ingemwongezea.

Ombi la pili, hapana. Jina la kanisa halitawekwa kwenye bango, hata akilibadilisha. Sisi hatuna mkaguzi wa nyama. Kazi hiyo ni ya waliosomea, wenye muhuri wa wino, na ni vizuri mteja auone muhuri huo ukutani. Kanisa likianza kuthibitisha nyama, kesho litathibitisha saruji, keshokutwa shamba la kuuzwa Kitengela, na mnajua hadithi hizo zinaishia wapi.

Tena tumemwomba kitu kimoja: aondoe neno lile na nyota ile, au afuate njia yote kwa ukamilifu, atafute rabi na akubali kufunga Jumamosi. Achague. Amesema atalifikiria. Hajakubali, na sitaki kumjazia maneno kinywani. Muombeeni, maana rangi ya bango imeshalipiwa na pesa ya kukopa.

Na kwetu sisi wengine: nendeni mkale, kama dhamiri inawapa amani. Kaeni na wenzenu, chekeni, lipeni bili yenu yote. Lakini Jumatatu pia pitieni kwa mzee wa nyuma ya kanisa mnunue nusu kilo. Ule mlo wa akina mama wa Desemba utaendelea kununuliwa kwake kama kawaida, kamati imeshakubaliana.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni chakula gani ambacho dhamiri yako haikuruhusu kula? Je, unajizuia kwa ajili ya Bwana, au kwa ajili ya kuonekana? Soma Warumi 14:1–8.
2. Kazini au kibandani kwako, ni neno gani unalotumia kuuza ambalo mteja hawezi kulikagua? Je, ni kweli?
3. Taja jirani mmoja wa dini nyingine aliyewahi kukusaidia ukiwa na shida. Juma hili utamwonyesha shukrani namna gani?
4. Akina baba mnaopenda choma: tunawezaje kuwa na mahali pa kukaa pamoja bila pombe, bila kungoja mtu atufungulie biashara?

Tuombe

Bwana, wewe unawalisha wote wenye mwili. Utupe midomo inayosema kweli hata pale uongo unalipa. Mbariki ndugu yetu katika biashara yake, umpe ujasiri wa kuchagua vizuri, na uwape vijana wetu kazi isiyo na aibu ndani yake. Mkumbuke mzee aliyetulisha kwa mkopo wakati wa njaa. Utulinde tusiufanye mlo kuwa vita. Katika jina la Yesu, Amina.